Yasir Azunguka Stupa

Ngazi za kilima kile ni mia tatu na kumi na mbili. Nilizihesabu mara mbili, na mara ya pili mafundi walikuwa wameshaongeza nne. Mji wa Guangzhou huku China ndivyo ulivyo, ukipepesa macho wamejenga.

Kileleni ipo stupa, kuba la mawe la Wabudha, la kale mno hata mimi sikuwepo likijengwa, ingawa niliwajua mafundi wawili.

Dalila alinialika mimi, hakumwalika mumewe, Yasir. Yasir alitufuata mwenyewe, akihema. Siku ya nne hiyo mkewe hamsemeshi, tangu Yasir alipomkatia tiketi ya kwenda Zanzibar bila ya kurudi, ati Guangzhou inamchosha mke. Ndege ilikuwa alasiri hiyohiyo.

"Mzee Maulid, nisaidie," akaninong'oneza. "Akiondoka kanuna hivi, kaka zake watadai talaka."

"Si ukazungumze naye?"

"Hasimami!"

Kweli hakusimama. Alikuwa akiizunguka stupa pamoja na mabibi wa Kichina, wao kwa ibada, yeye kwa kutazama mandhari, wote wakienda upande mmoja, kama ada ya stupa inavyotaka. Nikamshauri Yasir azunguke kwa upande wa pili, wakutane uso kwa uso. Nilijua litakalotokea. Nimestaafu, burudani zangu ni chache.

Bibi mmoja mwenye kofia nyekundu akamzuia kwa mwavuli. "Buxing, buxing!" yaani haifai, akakemea kama muuza nguo wa soko la Guangyuan Xilu aliyetajiwa bei ya kitoto. Akamgeuza mabega, akamsukuma msafarani. Yasir akajaribu tena, wakamgeuza watatu. Mara ya tatu, naapa, walikuwa arubaini, na mmoja alimbeba mgongoni.

Basi akamfuata mkewe nyuma, akisema na kisogo.

"Nilikuwa nakuhurumia."

Mzunguko mzima ukaisha.

"Mama yako amekukumbuka."

Mzunguko mwingine.

"Nimeshawaambia watu wa Zanzibar kuwa unakuja."

Dalila akaongeza mwendo. Mimi nikakaa kwenye benchi, nikamenya chungwa. Kufika mzunguko wa saba, Yasir pumzi zilikuwa zimemwishia, na hotuba pia.

"Dalila, hivi wewe mwenyewe unataka kwenda?"

Dalila akasimama. Mabibi wakawapita kushoto na kulia.

"Umemuuliza wakala wa tiketi, umemuuliza mama, umemuuliza Mzee Maulid, mtu asiyesema kweli tangu azaliwe. Mimi ndiyo kwanza leo."

"Basi nakuuliza."

"Siendi. Nina wateja wangu hapa, nina shoga zangu. Nikichoka nitasema."

"Na tiketi?"

"Uliikata peke yako, ifute peke yako."

Yasir akajitupa kwenye ngazi na simu yake, akiinyanyua juu, akiishusha, mtandao ukija na kupotea. Dalila akarudi msafarani. Akazunguka, akatokea tena.

"Umefuta?"

"Bado, inatafuta mtandao."

"Haya," akasema, akampita.