Nyasi za Lindi

Baba mdogo Seni alirudi kutoka Lindi na kiroba cha nyasi. Nyumbani sote tulijua maana yake. Baba yangu, mzee Mashimba, hahami mpaka ng'ombe wetu mkongwe, tunayemwita Bibi, aonje nyasi za huko tuendako. Akila, tunafunga mizigo. Akizinusa na kuziacha, tunabaki. Ndivyo tulivyoondoka Meatu malambo yalipokauka, tukaja Namawala. Nilikuwa darasa la tano. Sikurudi tena shule.

Mwaka huu hata huku bondeni masika yamekatika katikati. Malishoni vimebaki visiki vya nyasi. Ila jaruba letu, mimi na mama, liko karibu na kijito, na mpunga umeanza kuchanua. Tukihama sasa tutauacha umesimama, kama tulivyouacha mtama Meatu.

Jirani yetu Mpogoro, mama Digna, alikuja kutazama.

"Kwa hiyo Bibi ndiye mwenyekiti wa kitongoji?"

"Huyu hana chama," baba akamjibu.

Seni akamwaga nyasi. Bibi akazila zote, akalamba na kiroba.

"Basi," baba akasema. "Jumatatu tunaondoka."

Mama aliendelea kupeta mchele. Mimi huwa siongei wanaume wakiwa wanazungumza. Niliinuka, nikachukua ule mkeka mbovu niliokuwa nimeukalia, nikauweka mbele ya Bibi. Akaanza kuutafuna.

"Sikitu, unafanya nini?"

"Ana njaa, baba." Nilikuwa naangalia chini. "Ungemletea nyasi za popote angekula. Hata siku ile Meatu alikuwa na njaa."

"Kumbe huyu ana mdomo," Seni akasema.

Baba akauvuta mkeka. Pembe moja ilikuwa imeshaliwa. Akaukunjakunja mikononi.

"Ng'ombe wakibaki hapa watakufa," akasema.

"Najua, baba. Na mpunga je?"

Akamtazama mama. Mama akaacha kupeta.

Jumatatu baba na Seni waliondoka na ng'ombe, Bibi akiwa mbele. Mama na mimi tulibaki mpaka tuvune. Wakati baba anafunga kamba za viatu nilimuuliza kama atatutumia nyasi kwanza.

"Hapana," akasema. "Mkishavuna, njoo na mama yako mziangalie wenyewe."