Risasi Tano za Emukule

Mimi ni fundi wa bunduki, na nitasema mapema kwamba sina subira na watu. Karakana yangu iko Burumba, hapa Busia, nyuma ya duka la mitumba, na wateja wangu ni wale wachache wenye leseni: wafugaji, wafanyabiashara wa mpakani, na mzee mmoja wa Butula ambaye nadhani aliomba leseni ili amtishe mkwe wake. Kila mwaka wananiletea bunduki zao nizikague, kisha nawapa barua kwamba ziko sawa. Nimeandika barua hizo kwa miaka ishirini na miwili.

Mgeni haelewi kwamba huku kwetu risasi ya leseni si ya kupigwa. Ni ya kuhesabiwa. Ukipewa tano, kila mwaka uonyeshe tano. Ukipiga moja, hata kama ni ya kufukuza fisi, utaandika maelezo mpaka mkono ufe ganzi, na ukipoteza moja utalala ndani. Basi watu wamejipatia ujanja wao. Wanazisukuma zote tano ndani ya ule mrija ulio chini ya mtutu na kuziacha humo miaka nenda miaka rudi. Humo mtoto haibi, panya haburuti, na mwenyewe analala usingizi.

Emukule, mfugaji wa upande wa Malaba, alifanya hivyo kwa miaka kumi na mmoja. Alikuwa akiniletea shotigani yake na risasi zikiwa ndani, nami namgombeza.

"Mzee, si nilikuambia utoe hizo kitu?"

"Fundi Oduori, nikitoa moja ianguke kwa nyasi, ni wewe utafungwa?"

Tunacheka. Kisha naingiza kidole kwenye mrija, nasukuma risasi ya kwanza, nasikia springi imekaza kama inavyokaza mrija ukijaa, naandika: risasi tano, ziko sawa. Sikuzitoa nje hata mwaka mmoja. Ingenichukua dakika tatu. Nilikuwa mvivu, na maongezi yake yalinipendeza kuliko kazi.

Mwezi wa sita, Jumanne, kukiwa kumekucha, watu watatu walikata kamba za maksai wake ili wawavushe mto kwenda upande wa Uganda. Emukule alikuwa na mtoto wa jicho, hakuona mbali. Akampa bunduki mdogo wake Ilukor, yeye akashika panga na kutangulia. Ilukor alivuta kishikio nyuma, akasukuma mbele, akalenga, na bunduki haikulia. Emukule alikatwa shingoni hatua thelathini mbele ya ndugu yake. Wezi waliacha maksai na kukimbia.

Kufikia saa sita mchana ukoo ulikuwa umeshakata kauli: Ilukor alinunuliwa, au anataka shamba. Bunduki ilikuwa na barua ya fundi. Kilichokataa hakiwezi kuwa bunduki, ni mtu.

Jumatano Koplo Nabwire wa polisi aliileta karakana imefungwa kwa gunia.

"Mzee, mimi nataka kujua kitu moja tu," alisema. "Ni bunduki ilikataa ama ni mtu alikataa?"

Nilijua kabla sijamaliza kuifungua. Risasi ya kwanza ilikuwa imekwama nusu ndani ya chemba, pale risasi inapokaa ili ipigwe, nusu nje. Niliing'oa kwa koleo. Ganda lake la plastiki lilikuwa limefupika na kufura katikati, mdomo umebonyea, na kitako cha shaba kimeota kutu ya kijani. Miaka kumi na mmoja springi ilikuwa inazikandamiza, joto na unyevu vikizilainisha, hadi zote tano zikaharibika umbo. Risasi iliyofura haiingii chemba. Isipoingia, komeo halifungi. Komeo lisipofunga, unaweza kuvuta kifyatulio mpaka kidole kikatike, hakuna kitakacholia. Nilizipanga juu ya meza, tano.

"Sasa?" Nabwire aliuliza.

Jibu lilikuwa mdomoni. Lakini kwenye kabati nyuma yake kulikuwa na nakala za barua zangu kumi na moja, na saini yangu chini ya kila moja.

"Nipe mpaka Jumatatu," nikamwambia. "Lazima nipime vizuri."

Sikuwa na chochote cha kupima. Niliogopa, basi. Niliogopa kunyang'anywa kibali na kuogopa jela.

Ijumaa nilienda mazishini, kwa sababu kutoenda kungeonekana. Nilikaa hema la nyuma. Ilukor alikuwa amesimama peke yake kando ya ua, na shati la jana. Wakati wa kutupa udongo alisogea kaburini, akainama, akachota konzi moja. Binamu zake wawili walimkamata mkono wakaukamua mpaka udongo ukamwagika chini. Mama mmoja akamtemea mate. Yeye alirudi kando ya ua. Nami nilitazama viatu vyangu kama mwanamume wa maana.

Jumatatu asubuhi niliandika ukweli wote nikampelekea Nabwire pamoja na faili ya nakala za barua zangu. Alisoma mara mbili.

"Hizi barua zote ni za mkono wako?"

"Zangu."

"Basi usitoke Busia bila kuniambia." Alifunga faili taratibu. "Na mzee, ukoo wanakaa leo saa nane. Wanamfukuza huyo kijana kwa shamba."

Nilipanda pikipiki mpaka kwa Emukule. Wazee walikuwa wameketi kwenye viti vya plastiki, Amongin, mjane wake, katikati yao, na Ilukor amewekwa mbali, nje ya duara. Sikungoja kukaribishwa. Nilieleza kila kitu: mrija, springi, risasi zilizofura, kidole changu, barua zangu. Nilisema Ilukor alivuta, na hata angekuwa nani asingeifanya ilie.

Hakuna aliyenipiga. Mzee Osukuku, mkubwa wa ukoo, alivua kofia akaiweka magotini. Amongin ndiye aliyesema wa kwanza.

"Siku hiyo nilimshika shati," alisema. "Nikamwambia asiende, hao ni watatu. Akaniambia, mama, wacha, bunduki iko sawa, fundi ameandika."



Osukuku alimwita Ilukor aingie ndani ya duara. Akamwambia ukoo umekosa, shamba lake ni lake, hakuna atakayemtoa, na watachinja ili wamwombe msamaha. Wote waliitikia. Ilukor alisikiliza huku akijitazama kiganja cha kulia, kisha akanigeukia mimi.

"Fundi, nilidhani ni huu mkono. Usiku nauangalia tu, nauuliza kwa nini ulichelewa."

"Haukuchelewa, ndugu yangu. Haukukosea chochote."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Nilidhani yameisha.

"Ulizitoa hizo risasi lini?"

Ningeweza kudanganya tena. Wangeniamini, hata sasa, kwa kuwa nilikuwa nimekuja kwa hiari yangu.

"Jumatano," nikasema.

Alihesabu kwa midomo, bila sauti, Jumatano, Alhamisi. Amongin alijifunika uso na leso. Wazee waliangalia kule kwenye kaburi, ambapo udongo ulikuwa umeshaanza kukauka.

"Tulimzika Ijumaa," Ilukor alisema. "Na wewe ulikuwa hapo. Nilikuona."