Ganda Fupi

Tangu msimu wa kuwinda uliopita, Einar Tveit hakuwa amegusa bastola ya mtu. Bunduki za bata alizitengeneza, darubini alizikaza, visu vya kuchunia alivinoa. Lakini bastola ikiletwa karakanani, alifuta mikono kwenye aproni yake akasema fundi hayupo, na fundi alikuwa yeye mwenyewe.

Mama Fevronia Demidoff hakuwa mtu wa kuambiwa fundi hayupo.

"Kama hayupo, wewe uliyekalia kiti chake ni nani? Mzimu?"

"Jirani, nina kazi."

"Naiona. Unahamisha vumbi kutoka huku kulipeleka kule." Akaweka mezani kifurushi cha kitambaa cha jikoni, akakifungua. Ndani mlikuwa na bastola ya marehemu mumewe, ile ya kijeshi ya zamani, imepakwa mafuta ikang'aa. "Mwaka jana dubu alinibomolea ukuta wa banda la samaki. Mwaka huu samoni wakianza kupanda mto atapitia mlangoni, maana sasa anajua nyumba. Hii ya Pavel ilivyo itamkera tu. Nataka uipandishe nguvu, ipige risasi ya kuwindia. Kama ile uliyomfanyia…"

Hapo akanyamaza. Hata Mama Fevronia alikuwa na mahali pa kukomea.

Ragna, binti wa Einar, aliyekuwa akisugua kasiba ya bunduki kwenye meza ya dirishani, aliinamisha kichwa. Jina la kaka yake halikuwa limetamkwa karakanani humo tangu theluji ya kwanza. Halvor alikuwa amekwenda peke yake nyuma ya mlima, akaangusha kulungu mkubwa wa kaskazini kwa bunduki, na alipokuwa akimchuna dubu akafuata harufu ya damu. Waliompata walimfunika kwa koti lake. Askari aliyekuja kutoa taarifa alikuwa kijana mpole. Alivua kofia, akasema maneno machache. Katika yote aliyosema, mawili ndiyo yaliyobaki nyumbani kama mgeni asiyeaga: bastola ilikwama.

Na bastola ile aliipandisha Einar. Aliibadilisha mtutu, akaitia springi ngumu, akafunga mbele yake kile kipande chenye matundu kinachopunguza teke la risasi. Macho yalikuwa yameanza kumpungua nguvu, na mikono ilikuwa na mtetemo kidogo asubuhi kabla ya kahawa. Hakumlaumu mtu mwingine. Alikaa tu, akakonda.

"Siigusi," alisema sasa.

"Basi nitaagiza vipande kwa posta. Vinakuja na karatasi ya maelezo. Nitavifunga mwenyewe mezani, karibu na unga."

"Fanya unavyotaka, jirani."

"Ndivyo nifanyavyo siku zote. Ila nilitaka nife kwa uzee, si kwa karatasi ya maelezo." Akamgeukia Ragna. "Mwanangu, na wewe umeapa?"

Ragna aliona haya, kama kawaida yake watu wawili wanapomtazama kwa pamoja. "Iache, mama," alisema polepole. "Nitaiangalia."

Baba yake alichukua kofia akatoka kwenda kuangalia nyavu ambazo hazikuhitaji kuangaliwa.

Ragna alibaki na bastola ya Pavel mbele yake, asiifungue. Kazi aliijua. Lakini aliijua kwa mikono ya baba. Kila alichojua alikiona kwanza vidoleni mwa baba. Kama njia ya baba ilikuwa na kosa, basi kosa hilo lilikuwa limo mikononi mwake pia, na angempelekea Mama Fevronia kifo kilichofungwa kwa kitambaa cha jikoni. Angewezaje kuanza bila kujua?

Kwenye rafu ya juu, nyuma ya mikebe ya mafuta, kulikuwa na mfuko uliorudishwa na askari. Haukuwa umefunguliwa. Aliutazama mpaka chai yake ikapoa. Kisha akapanda kwenye kigoda.

Bastola ya Halvor ilikuwa na kutu kidogo pembeni. Ndani ya mfuko mlikuwa na kifuko kingine kidogo, na ndani yake magazini ya risasi pamoja na ganda moja tupu, lile lililokwama. Ragna alilimimina ganda kiganjani. Hakuhitaji kulipima.

Desturi ya karakana ile ilikuwa moja, na Einar alimwambia kila mteja kabla ya kumkabidhi silaha: bastola moja, chakula kimoja, yaani risasi za aina moja tu. Risasi ya kuwindia ina upana uleule wa ile ya zamani, ila ganda lake limerefushwa unene wa ukucha, makusudi, ili isiingie kwenye bastola ambayo haijapandishwa na kuipasua. Mlango huo umefungwa. Mlango wa pili haufungiki: risasi fupi ya zamani huingia vizuri kabisa kwenye mtutu mpya. Itapiga mara moja tu. Lakini haina nguvu ya kuisukuma nyuma springi ngumu, kwa hiyo ganda tupu halitoki, na ya pili haipandi. Ndiyo maana Einar alipaka kila risasi ndefu nukta nyekundu kitakoni, kwa rangi ya kucha iliyoachwa na marehemu mkewe, ili hata mtu mwenye haraka aone.

Ganda la kiganjani halikuwa na nukta. Lilikuwa fupi. Ragna alizitoa zilizobaki kwenye magazini, moja moja, akazisimamisha mezani. Hakuna hata moja iliyokuwa na nukta.

Akakumbuka kifundo cha mkono wa Halvor, alichokiumiza alipoteleza kwenye boti kiangazi kile, na jinsi alivyokuwa akikifunga bendeji chini ya mkono wa sweta na kucheka akiulizwa. Risasi ndefu zina teke. Bila shaka alikuwa akienda machimbo ya kokoto kufanya mazoezi na zile fupi, za bei rahisi na laini kwa mkono, akitoa kila ganda kwa vidole, baba asijue. Halafu akaondoka alfajiri na magazini ileile, akasahau kubadilisha risasi.

Hata hivyo hakutaka kuamini kwa macho tu. Alisafisha bastola, akaichunguza kila kiungo, akaipeleka machimboni na kopo la risasi za nukta nyekundu. Upepo ulikuwa ukitoka baharini, na shakwe waliruka mlipuko wa kwanza ulipopiga. Mikono ilimuuma mpaka mabegani. Lakini kila alipofyatua, ganda liliruka juu, liking'aa, likaanguka kwenye kokoto, na risasi nyingine ikapanda mahali pake bila kusita. Kazi ya baba yake ilikuwa safi kama saa ya ukutani.

Mwishoni alitia moja fupi. Ililia kwa sauti ya chini, kama mtu anayekohoa kanisani. Sehemu ya juu ya bastola ilirudi nusu, ikasimama. Ganda lilibaki limebanwa mdomoni mwake.

Ragna alikaa kwenye kokoto na kulia kwa muda, kwanza kwa ajili ya baba yake, kisha kwa ajili ya Halvor, ambaye sasa alimwona vizuri kuliko alivyotaka.

Alimkuta baba jikoni akimenya viazi. Alifikiri kunyamaza; jambo hili lingemtua baba mzigo mmoja na kumtwisha mwingine. Lakini huu wa kwanza haukuwa wake kuubeba. Akaweka mezani maganda mawili, refu na fupi, kando ya maganda ya viazi.

"Hili ndilo lililokwama, baba. Na zote za kwenye magazini zilikuwa hivi. Kazi yako haikuwa na kosa. Nimetoka kuijaribu."

Einar alifuta kisu. Aliyachukua yale mawili, akayasimamisha bega kwa bega, akapitisha ukucha juu yake, ukajikwaa pale refu linapozidi.

"Mkono wake," alisema baadaye.

"Ndiyo."

"Niliuona ule mkono. Nikasema ni mtu mzima." Akayalaza maganda mezani. "Ragna, afadhali kosa lingekuwa langu. Mimi nilishazoea kujichukia, nilijua kuamka nako. Yeye siwezi kumchukia."

"Usimchukie, baba. Alitaka usimwone anaumwa."

Mzee aliinamisha uso. Machozi yake yalikuwa machache na yalichukua muda kufika. Kisha akasema viazi vitakuwa vyeusi, wakavimalizia pamoja.

Kesho yake asubuhi Ragna alipoingia karakanani, bastola ya Pavel ilikuwa imefunguliwa mezani, na baba yake ameiinamia na miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. "Shika taa," alisema. Wakafanya kazi hivyo siku nzima, yeye akipima, binti akishika, na mtetemo ulipokuja baba alimkabidhi Ragna zana.

Mama Fevronia alikuja na samaki wa moshi, kipande kikubwa kwenye gazeti. "Naona mzimu umerudi na miwani."

"Kaa, jirani. Kuna sharti." Einar akaweka mbele yake mkebe mtupu wa kahawa. "Kila risasi ya zamani uliyonayo iingie humu. Zote. Bila hivyo bastola haitoki."

"Hizo alizinunua Pavel."

"Zote."

Alinung'unika kuhusu wazee wanaonyang'anya wajane, akarudi nyumbani, akaleta boksi mbili, akazimimina. Mkebe ulilia kwa muda mrefu. Einar aliangalia ndani, kisha akamwangalia yeye, mkono wake bado umenyooshwa.

Mama Fevronia alijaribu kutazama dirishani. Mwishowe akatia mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa moja, imelainika kwa kushikwashikwa.

"Hii ilikuwa mfukoni mwake siku aliyokufa," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha. "Naishika tu kanisani."

"Najua. Mtu hushika kilicho karibu, dubu akija. Yako ya karibu ni hiyo."

Alifikiri. Akaiweka kiganjani mwa Einar.

Einar hakuitupa kwenye mkebe. Alikwenda rafuni, ambako tangu asubuhi kulikuwa na ganda moja fupi limesimama peke yake, akaisimamisha kando yake.

"Itakaa hapa," alisema. "Pamoja na ya Halvor."