Kikao Ndani ya Kidole Gumba cha Namsifu

Usiku wa kuamkia leo niliota nimeitwa kikaoni, na kikao chenyewe kinafanyika ndani ya kidole gumba cha binti yangu Namsifu. Sikushangaa. Mimi ni mtu wa vikao. Hapa Same nimekuwa katibu wa kamati za harusi hata sina hesabu, na ukumbi ni ukumbi.

Nilijua nimeitiwa nini. Leo washenga wanakuja kumposa mdogo wangu Nandera, na nyumbani kwetu binti mdogo ndiye anayewanawisha wageni mikono: anapiga magoti, beseni mkono wa kushoto, birika mkono wa kulia. Namsifu ana miaka minane, na kila akinawisha, kinacholowa ni suruali za wageni. Mama yangu ameamua apelekwe kwa jirani mpaka wageni waondoke, asije akatutia aibu. Mtoto alilia jana mchana kutwa. Iliniuma sana, lakini nilinyamaza, maana mama ni mama.

Daktari alishatueleza kwamba si uvivu wala si ukaidi. Ubongo na mikono ya mtoto wa namna hii huchelewa kuelewana, na mara nyingi jambo hilo hutembea katika ukoo. "Ukoo upi?" nikamuuliza. Mke wangu Nakijwa akatazama dari. Mimi sikuwa na haja ya kutazama popote. Kwetu ni mafundi watupu. Marehemu baba alikuwa akipiga lipu ukuta mzima bila kudondosha tone. Kwa hiyo jibu lilikuwa wazi: limetoka kwa wakwe zangu.

Basi naingia ukumbini kifua mbele. Kuna viti vya plastiki, turubai, na spika inayokoroma. Waliokaa ni jeni, zile chembe za urithi, kila mmoja ni mdogo kama punje ya dengu na amevaa nadhifu. Upande wa kulia ni kwetu, upande wa kushoto ni kwa mke wangu. Mwenyekiti amevaa suti ya kaki na anakohoa kabla ya kila neno.

"Katibu," ananiambia, "una hoja?"

"Ninayo. Aliyemletea mwanangu mikono ya kumwaga asimame."

Ukumbi mzima unasimama.

"Kaeni," nasema. "Namtaka mmoja."

"Hakuna mmoja," anajibu mwenyekiti. "Wewe mtu wa kamati hujui mchango? Harusi haifanywi na mtu mmoja. Huyu alileta kidole kinachochelewa. Yule alileta kupita mlangoni na kugonga fremu. Wale wa nyuma walileta kusahau mguu upi unatangulia. Kila mtu kidogo kidogo, shughuli ikajaa."

"Na sisi ndio tuliomletea kicheko chake," wanasema wawili waliokaa pembeni. "Hicho hukukiulizia."

Nawaambia wa kulia wakae, wao hawahusiki. Hawakai. Mmoja wao, aliyejitanda kanga kama mama yangu, ananyoosha mkono.

"Mimi nilileta kumwaga," anasema.

"Umekosea ukumbi, mama. Huo upande ni wetu."

"Ndiyo. Nimetoka kwa mama yako."

"Mama yangu hajawahi kumwaga hata chai."

"Kamuulize."

"Mama haulizwi," namjibu, na ukumbi unaguna.

Nafungua kinywa niwape maelezo marefu, kumbe tumeshakuwa sebuleni kwangu. Jeni wamejipanga kwenye makochi, juu ya vitambaa alivyofuma Nakijwa, wakisubiri kunawa. Birika linaingia kwa miguu yake na kusimama katikati ya zulia.

"Naomba kuchangia," linasema. "Mtoto anapewa kunishika mimi, kushika beseni, kupiga magoti, na kutabasamu, vyote kwa mpigo mmoja. Hizo ni kazi nne. Nani alimfundisha moja moja?"

Jeni wanatazamana, birika linaendelea.

"Beseni likae kwenye stuli. Mimi nishikwe kwa mikono miwili. Mtoto asimame. Mgeni anayetaka kuona magoti, aje na ya kwake."

"Na mila je?" nauliza.

"Mila ni mgeni anawe," linasema beseni, ambalo sikujua kama nalo lina kauli.

Mwenyekiti anakohoa. "Hoja imepita. Ila kwanza katibu atunawishe kwa mtindo wa zamani, maana amesema kwao hawamwagi."

Napiga magoti bila wasiwasi wowote, mtoto wa fundi. Maji yanatoka kwenye birika, yanalikwepa beseni, yanapanda suti ya mwenyekiti, yanapita dirishani na kushika njia ya milima ya Upare. Upande wa ukweni wanapiga makofi. Upande wetu nao wanapiga.

"Na wewe tulikupa kidogo," ananinong'oneza yule wa kanga.

Nikaamka. Kulikuwa kumeshapambazuka. Namsifu alikuwa amekaa kizingitini, gauni amelivaa nyuma mbele, furushi lake magotini.

"Baba," akasema, "nikiwa kwa jirani, nitayaona magari yao?"

Nilimhurumia. Nikamnyang'anya lile furushi, nikaenda nalo jikoni, ambako mama alikuwa anapeta mchele.

"Shikamoo, mama. Namsifu haendi kokote. Atawanawisha wageni."

"Marahaba. Na suruali za watu?"

"Beseni tutaliweka kwenye stuli."

Mama akaweka ungo chini. Akanitazama, akautazama mlango, kisha akashusha sauti.

"Nani amekwambia habari za stuli?"

"Kwani vipi, mama?"

"Bibi yako alikuwa akiniwekea, mpaka siku naolewa. Amekufa bila kumwambia mtu, na mimi sijamwambia hata marehemu baba yako."

Mama alijifuta pumba mikononi, polepole, akageukia kizingiti.

"Namsifu! Hebu njoo, mjukuu wangu. Kalete birika, bibi nataka kunawa."