Nusu Kikombe cha Saa Nne

Kwandu alianza na vijiko viwili tu. Mjukuu wake Keneth alikuwa na wiki sita, Septemba imekauka kweli kweli, na mama wa mtoto, Kabula, alikuwa shambani aking'oa miti ya pamba ya msimu uliopita ili ichomwe kabla bwana shamba hajapita. Saa nne mtoto alilia, midomo imekauka. Kwandu alichemsha maji, akayapooza kwa kuyamimina kutoka kikombe hiki kwenda kile, akampa. Mtoto akanyamaza, akalala.

Baada ya siku chache vijiko viwili vikawa nusu kikombe, na saa sita nusu nyingine. Kwandu hakuona kama anafanya vibaya. Ila hakumwambia mkwewe, kwa kuwa Kabula alishatoka kliniki na neno lake: ziwa tu, miezi sita.

Kwandu naye alikuwa na neno lake. Mtoto wake wa kwanza, Evalina, alifariki akiwa na miezi miwili, mwaka wa ukame. Siku ya msiba mama mkwe wake alisema, "Huyu kafa na kiu." Miaka arobaini imepita na hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Siku ya kliniki walikwenda wote wawili. Nesi Generoza alimning'iniza Keneth kwenye mizani, akasoma, akasoma tena. Kisha akaweka nukta kwenye kadi, sawa kabisa na ile ya mwezi uliotangulia: uzito haujapanda.

"Mama Keneth, unampa kitu kingine?"

"Ziwa tu, nesi."

"Hata maji?"

"Hata tone."

Kwandu alikuwa akikunja khanga ya mtoto. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja upya.

"Na joto hili, nesi," alisema, "mtoto haoni kiu?"

"Maziwa ya mama mengi yake ni maji, bibi. Akinyonya, amekula na amekunywa. Joto likizidi, anyonye mara nyingi zaidi."

"Nauliza kwa sababu ya jirani yangu. Yeye huwa anampa wake. Ya kuchemsha, lakini."

Wanawake kwenye benchi walicheka. "Huyo jirani ana mvi kama zako, mayu?" mmoja akauliza, akimwita mama kwa Kisukuma.

Generoza hakucheka. "Mwambie tumbo la mtoto ni dogo. Akilijaza maji, ziwa linakosa nafasi. Na ziwa lisiponyonywa, linapunguza maziwa."

Walipokaribia nyumbani Kabula akauliza, "Jirani gani, mayu? Apolonia?"

"Tumwache mtu wa watu," Kwandu alijibu, na ilikuwa kweli, maana Apolonia hakuhusika, na si kweli, maana jirani mwenyewe hakuwepo.

Jioni Kabula alimpigia simu mumewe, Method, aliyekuwa kwenye kazi ya ujenzi Lagangabilili. Kwandu alikuwa jikoni, anasikia kila neno. "Maziwa yangu hayatoshi," Kabula alisema. "Nesi hajasema hivyo, lakini mizani imesema. Jumamosi uje na maziwa ya kopo." Kisha alijilazimisha kunywa bakuli la pili la uji, akakaa kwenye mkeka akijikamua ziwa kwa vidole, akitazama linatoa nini.

Kwandu alimtazama kutoka mlangoni. Huyu binti alikuwa anatafuta kosa mwilini mwake.

"Acha kujiminya," alisema. "Jirani ni mimi."

Kabula aliinua uso.

"Nampa ukiwa shamba. Nusu kikombe saa nne, nusu saa sita. Ukirudi ameshiba maji, ndiyo maana hanyonyi vizuri."

"Tangu lini?"

"Wiki ya tatu hii."

"Mbona hukuniambia, mayu?"

"Ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo." Kabula alifunga blauzi yake taratibu, kifungo kimoja kimoja. "Nimeapa mbele ya nesi. Njia nzima najiona mama bure."

Kwandu alitaka kumsimulia habari za Evalina, akaona leo si siku yake. Angeonekana anaomba ahurumiwe. Alikaa tu kwenye ukingo wa mkeka.

Kabula alibonyeza namba ya mumewe, akamnyooshea Kwandu simu. "Mwambie mwenyewe asinunue. Na sababu umwambie."

Kumwambia mwanao wa kumzaa kwamba umekosea ni kazi. Kwandu aliifanya, kwa Kisukuma, kwa sauti ya chini, bila kumtaja jirani.

Asubuhi Kabula alikwenda shambani kama kawaida. Ilipofika saa nne Keneth akaanza kulia. Mkono wa Kwandu ulienda kwenye birika wenyewe. Aliurudisha. Alimfunga mtoto mgongoni, akafungua mwavuli, akashika njia ya shamba. Mtoto alilia mwendo wote, na kila kilio kilimpita bibi yake kifuani. Mara mbili alisimama, akageuka kutazama nyumba.

Kabula aliwaona kwa mbali. Alinawa mikono kwa maji ya dumu, akakaa kwenye kivuli cha mwavuli, akampokea mwanawe. Keneth alilishika ziwa kwa pupa, akameza, akameza tena.

"Atatosheka kweli?" Kwandu aliuliza.

"Sijui, mayu. Mwezi ujao tutaona kwenye mizani." Kabula alihamisha mtoto upande wa pili. "Saa sita mlete tena."

Kwandu alijifunga khanga kiunoni, akaingia kwenye mstari ambao Kabula aliuacha katikati, akashika mti wa pamba, akavuta.