Sauti ya Saa Kumi na Robo

Binti huyu mtaani walimwita Sikio, na jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa limebaki kwa baba yake tu, tena siku akikasirika. Hilo la Sikio alilipata kazini. Kompyuta mgonjwa ikiletwa kibandani kwake, hakukimbilia vipimo kama mafundi wenzake. Alichukua bisibisi ndefu, akaweka ncha juu ya diski, mpini akaubana kwenye mfupa ulio nyuma ya sikio, akafumba macho. Diski nzima huvuma. Diski inayokufa hugonga: ta, ta, ta, kisha kimya, kisha ta, ta, ta tena. Hakuwa akikosea, na wateja waliupenda mchezo ule mpaka wengine wakawa wanakuja na jamaa zao kuutazama.

Alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, hakuna mteja aliyetoka pale bila kuhubiriwa habari ya kutunza nakala ya vitu vyake. Ya pili, diski iliyokufa haikutupwa. Aliitia kwenye boksi la ile mpya aliyoiweka badala yake, akalizungushia gundi ya karatasi, akaandika tarehe, akamkabidhi mwenyewe. "Mimi ni daktari tu," alizoea kusema, "makaburi sina."

Jumatatu moja mchana akaingia baba yake, amekumbatia kompyuta ya mpakato iliyoviringishwa kwenye taulo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. Mzee alikuwa seremala mstaafu. Mashine za kuranda zilikuwa zimemla masikio, la kushoto lote na la kulia nusu, kwa hiyo aliongea kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza viatu wa ng'ambo ya barabara.

"Mama yako jana hakuniita," alisema. "Na leo nimeiwasha, imegoma kabisa."

Muuza viatu akageuka kutazama. Mama yake Sikio alikuwa amefariki miezi kumi iliyopita, na mtaa mzima ulizika.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Miaka miwili nyuma mzee alipewa kidonge cha moyo, kimoja kwa siku, jioni. Siku moja akanywa, akasahau kwamba amekunywa, akanywa tena. Mkewe alimkuta sakafuni kati ya bafu na chumba, midomo imekuwa rangi ya majivu, mapigo ya moyo ya kutafuta kwa tochi. Alipona kwa bahati tu. Daktari akawaambia, "Akirudia kunywa viwili, msinitafute mimi, mtafuteni mchonga majeneza," na mzee akajibu pale pale kitandani kwamba hilo angejichongea mwenyewe, tena kwa mbao nzuri.

Mama hakucheka. Alikuwa mpiga chapa, amewapigia walimu mitihani kwa miaka kwenye kompyuta hiyo hiyo. Alipougua na kujua haponi, akakaa mbele yake, akarekodi maneno machache na kuyatega yalie kila siku kwa saa aliyoitaka: *Mzee, saa imefika. Kidonge kimoja, maji glasi nzima. Usijidai umesahau.* Ajabu ni kwamba alikuwa mtu asiyeacha ujumbe wa sauti kwenye simu ya mtu yeyote. Alisema kuongea na asiyekujibu ni wazimu. Hiyo ndiyo sauti yake pekee iliyobaki duniani, na mzee aliitii baada ya mazishi kama alivyoitii kabla.

Sikio aliipindua kompyuta, akachomoa betri, akaweka bisibisi. Ta, ta, ta. Kimya. Ta, ta, ta. Damu ikamsimama, maana hapo hapo alikumbuka kwamba yeye, mhubiri mkuu wa nakala, nyumbani kwa baba yake hakuwahi kutoa nakala hata moja. Kisha akakumbuka jambo jingine, kwamba betri ilikuwa mezani. Akajiambia kuwa diski ilikuwa bado ina mzunguko uliobaki. Ilikuwa haijawashwa tangu asubuhi, lakini alijiambia hivyo hivyo.

"Sikiliza mwenyewe, baba," alisema, akamwekea mpini nyuma ya sikio.

Macho ya mzee yakapanuka. Hakuwa amesikia kitu kwa uwazi namna ile kwa miaka. Alikaa amesikiliza muda mrefu kuliko kugonga huko kudogo kulivyohitaji.

"Anagonga," alisema.

"Inagonga, baba."

"Haya. Inagonga."

Siku mbili Sikio hakugusa kazi ya mtu mwingine. Aliijaribu diski kwa kila njia aliyoijua, na nyingine alizosikia kwa wenzake na kuzicheka. Haikutoa hata herufi. Jioni alimpigia baba yake simu mwenyewe, akamgombeza mpaka kidonge kikanyweka, lakini alijua hilo halitadumu. Simu mzee huiacha jikoni, na hata ikiwa mfukoni mara nyingi haisikii. Kompyuta ile mama aliiunganisha na spika kubwa, na ndiyo iliyokuwa ikimfikia. Tena mzee hakuwa mtu wa kumtii kila mtu. Alimtii mmoja.

Jumatano asubuhi akafungua kifuniko cha chini, skrubu mbili, akaivuta diski kutoka mahali ilipokaa miaka kumi na moja, akaitoa kwenye kishikizo chake chenye skrubu nne ndogo kama mbegu za nyanya. Mahali pake akaweka mpya, ya kisasa, isiyozunguka. Kwa mazoea akaisikiliza kwa bisibisi. Hakuna kitu. Diski hizi mpya hazina sauti, na siku hiyo ukimya ule aliuchukia.

Akapakia mfumo, kompyuta ikawaka kama mpya, tupu. Hapo ndipo wazo likamjia, na halikuwa zuri.

Sauti ya Sikio na ya mama yake zilikuwa moja. Kwenye simu hakuna aliyewatofautisha, hata mzee mwenyewe enzi za masikio yake. Akiwa na miaka kumi na miwili aliwahi kumpigia mwalimu mkuu kwa sauti ya mama, akajiombea ruhusa ya siku mbili. Ilipogundulika, mama hakumchapa. Alimkalisha chini, akamwambia polepole, "Sauti yangu ni yangu. Usiniigize tena mpaka nikuambie." Na kwa kweli hakurudia.

Alifunga mlango wa kibanda, akangoja pikipiki zipite, akarekodi. Mara ya kwanza alicheka. Mara ya pili alilia. Mara ya tatu ikatoka: *Mzee, saa imefika. Kidonge kimoja, maji glasi nzima, tafadhali. Usijidai umesahau.* Aliposikiliza, nywele za mikono zikamsimama, akaizima haraka. Akaitega saa kumi kamili, kwa kuwa saa yenyewe ya mama hakuikumbuka vizuri. Akapeleka kompyuta kwa mzee pamoja na pakiti mpya ya vidonge thelathini, na boksi lenye diski iliyokufa, limefungwa na kuandikwa tarehe. Mzee alilipokea boksi kwa mikono miwili.

Saa kumi ilipofika, spika ikaita. Mzee akainuka, akanywa, akaketi tena. Sikio aliondoka akiwa na furaha ya mwizi.

Wiki nzima mambo yakawa shwari. Jumatano iliyofuata, kama saa tisa na nusu, alimpigia amsalimie.

"Sijambo kabisa," mzee akapaza. "Mama yako ndiye amezidi. Siku hizi ananiita mara mbili."

"Mara mbili vipi?"

"Saa kumi, halafu na saa kumi na robo, saa yake ya zamani. Haya, ugali wangu unaungua."

Simu ikakatika. Sikio alikuwa ametega mlio mmoja. Hakufunga hata kibanda, alimpigia kelele muuza viatu amwangalizie, akakimbia. Njiani hesabu ilimwendea kichwani bila kutaka: siku saba, vidonge kumi na vinne, na huyu mtu bado anapika ugali? Alijiona ndiye aliyemuua baba yake, tena kwa sauti ya mama yake, kwa jambo alilokatazwa akiwa mtoto. Salamu za watu zilimpita.

Alimkuta ameketi kwenye kiti chake karibu na dirisha, mzima, anakula. Sikio akalifuata kopo la biskuti ambamo mzee huweka dawa, akachomoa pakiti bila kutazama kingine kilichomo, akaimwaga mezani, akahesabu. Akarudia. Ishirini na tatu. Saba tu vimenywewa.

"Sasa hiyo mara ya pili anakuitia nini?" aliuliza.

"Kunizuia," alisema mzee, kana kwamba anaeleza jambo la kila siku. "Nikishakunywa nasahau, si unanijua? Mkono unarudi koponi. Hapo ndipo anagomba."

"Anagomba kwenye spika?"

"Spika gani, mwanangu? Spika ni yako."

Sikio akageuka kuitazama spika.

"Ile ya saa kumi ni wewe," mzee akasema, anafuta vidole. "Niliijua siku ya kwanza. Nimeishi na mama yako miaka arobaini, hajawahi kunisemesha 'tafadhali' hata siku moja. Nakunywa kwa sababu umejisumbua."

Aibu ilimpanda Sikio mpaka masikioni. Alitaka kusema kitu, lakini saa kumi ikafika na spika ikaanza, na ikabidi akae pale asikie sauti yake mwenyewe ikijifanya mtu mwingine. Mzee akanywa kidonge chake na glasi nzima ya maji, vilivyobaki akavirudisha kwenye pakiti na pakiti koponi. Sikio akainuka, akazima kompyuta, akachomoa waya wa umeme, akachomoa na betri, akaiweka mezani mbali na mashine. Kama kuna ujanja humo ndani, na uonekane.

Wakakaa. Nje watoto walikuwa wakigombania mpira. Mzee alisimulia habari ya mlango wa jirani uliopinda, akaacha katikati, akatazama kopo. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na nne. Akalivuta kopo, akainamisha pakiti, kidonge cheupe kikamdondokea kiganjani.

"Baba."

Hakusikia. Uso wake ulikuwa wa mtu asiyejua kwamba ameshakunywa. Sikio aliinuka kumkamata mkono, na kabla hajamfikia, kitu kikagonga ndani ya kopo.

Ta, ta, ta.

Mzee aliganda vile vile, mkono hewani. Kisha akatia mkono wa pili koponi akatoa lile boksi alilopewa na Sikio. Gundi ilikuwa imekatwa kwa kisu, vizuri, kiseremala. Akaitoa diski ile, kipande cha chuma kisicho na waya wala betri wala kitu, akaibana nyuma ya sikio lake la kushoto, lile lililokufa.

"Haya, haya," alisema. "Nimesikia. Ah, huyu mwanamke." Akakirudisha kidonge kwenye pakiti na kufunika kopo.

Sikio alinyoosha mkono, mzee akampa. Diski ilikuwa ya baridi, na ndani yake kitu kilitembea. Bisibisi ilikuwa bado imechomekwa mfukoni mwa aproni, hakuwa amepata muda wa kuiacha kibandani. Akaweka ncha juu ya chuma, mpini nyuma ya sikio, akafumba macho kama alivyofumba mara elfu kwa wateja.

Mwanzo ni kugonga tu. Halafu nafasi kati ya mlio na mlio zikawa fupi, zikashikana, zikawa mvumo, na mvumo ukawa pumzi ya mtu aliyepanda ngazi.

*Wewe mtoto,* mama yake alisema.

Sikio akaubana mpini zaidi.

*Nimechoka sasa. Hili la saa kumi na robo, kesho lichukue wewe. Niigize.*

Pumzi ikakatika, ikarudi kwa shida, kwa mbali.

*Niigize vizuri. Na usiseme tafadhali.*

Ikagonga mara moja tu, kisha ikanyamaza. Alisikiliza mpaka mpini ukamwachia alama kwenye ngozi, na alichokisikia ni watoto wa nje na mapigo ya moyo wake mwenyewe. Mzee alikuwa anamtazama.

"Amesemaje?" aliuliza, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi aliuliza kwa sauti ndogo.

Sikio alijifuta uso kwa pindo la aproni. Akairudisha betri mahali pake, akaiwasha kompyuta, akaisogeza karibu.

"Anasema nyamaza kidogo, baba," alisema. "Nirekodi."