Jina Lililobaki Gazetini

Alhamisi ndiyo siku yetu. Mjini Calloway wazungu hujipikia wenyewe siku hiyo, maana wapishi na yaya weusi tuko mapumzikoni, na wengi wetu tumejazana saluni kwa Odessa, tukinyooshwa nywele kwa kitana cha moto. Huko ndiko nilikokusanya saini mwaka ule wa hamsini na tano. Nilipita kiti kwa kiti na karatasi yangu: sisi wazazi tunataka watoto wetu wasome shule moja na watoto wa kizungu, kama mahakama ya juu ya nchi ilivyoamua mwaka jana.

"Usinitingishe, Verlene, Odessa ataniunguza sikio!" mmoja alilalamika, lakini akasaini.

Tukafika kumi na saba. La kwanza lilikuwa langu, kwa ajili ya binti yangu Lorraine, aliyekuwa akisomea vitabu vilivyotupwa na shule ya wazungu, nusu ya kurasa hazimo.

Jumanne gazeti la mji likayachapa majina yote. Bi Pruitt, niliyempikia miaka kumi na mmoja, aliyasoma kwa sauti mezani huku nikimmiminia kahawa. Alianza na langu. Akalisoma, akaendelea na la pili.

"Watu hawana shukrani, Annie," akasema. "Afadhali wewe."

Annie alikuwa mpishi wake kabla yangu. Siku ya kwanza Bi Pruitt aliniita hivyo, nami nikaitika, kwa kuwa nilitaka kazi. Nilidhani ni mazoea tu. Kumbe miaka yote ile hakuwahi kuuliza naitwa nani! Nilisimama nimeduwaa na birika mkononi, nusu namshukuru Mungu, nusu natamani kummwagia kahawa mapajani.

Wenzangu hawakuwa na bahati hiyo. Kufikia Alhamisi huyu amefukuzwa kazi, yule ametolewa nyumba ya kupanga, na wote kumi na sita walikwenda kwa mhariri wa gazeti kufuta majina yao. Pale saluni walikwepa kunitazama.

"Umebaki peke yako, shoga," Odessa akaniambia. Yeye hakuwa na mtoto, jina lake lisingefaa. "Wakili wetu anafungua kesi ya shule kesho adhuhuri. Asipobakiwa na mzazi hata mmoja, imekufa."

"Na Bi Pruitt?"

"Si hajui wewe ni nani? Nyamaza zako."

Nilikusudia kunyamaza kweli. Lakini Ijumaa asubuhi Bi Pruitt alinijia jikoni na gazeti, anacheka.

"Limebaki moja tu, Annie. Eti Verlene Gadsden. Mume wangu na wenzake wa bodi ya shule wanasema mtu huyo hayupo, wakili amembuni. Wewe unawajua weusi wote wa hapa. Utakwenda kumwambia hakimu hivyo, sivyo? Wewe atakuamini."

Nikaondoa kikaango cha mayai motoni. Ningeweza kukana, nikarudi kwenye mayai yangu, na mwanangu akarudi kwenye vitabu vyake vilivyochanika. Nikafungua aproni.

"Yupo, Bibi. Ni mimi."

"Acha mzaha, Annie."

"Annie alikufa mwaka wa arobaini na nne. Wewe mwenyewe ulipeleka maua mazishini."

Alinitazama kama mtu aliyekuta mgeni jikoni kwake. Mimi nilikuwa na hasira, na hofu, na aibu ya kuitikia jina la marehemu muda wote ule, lakini yeye ndiye aliyeshikilia meza asianguke.

"Toka nyumbani kwangu," akasema. "Toka sasa hivi, ..."

Akakwama. Akalivuta gazeti, akapitisha kidole juu ya ukurasa, akitafuta. Alilazimika kulisoma ili ajue anamfukuza nani.